Nani Anaijua Njia

Mazungumzo ya leo ni ya vitabu vya mambo yasiyokuwapo: riwaya za majini na falme ambazo hazimo katika ramani, riwaya za watu waliohamia sayari nyingine, zile ambazo walimu wa fasihi huziita fantasia na bunilizi za kisayansi. Huko Marekani na Uingereza kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu rangi za watu wanaostahili kuonekana ndani ya hadithi hizo. Mwaka 2022, ulimwengu wa kubuni wa J. R. R. Tolkien ulipotengenezewa tamthilia mpya ya televisheni, na baadhi ya viumbe wake wa kale wakaigizwa na watu weusi, wako watazamaji waliopandwa na hasira kana kwamba wamechakachuliwa historia ya taifa lao. Viumbe wenyewe hawajaishi popote duniani. Mtu anakubali bila taabu kwamba miti inatembea na kusema, anakubali pete inayomfanya aliyeivaa asionekane, halafu ngozi nyeusi ndiyo inayomshinda kuamini. Ubishi huo waweza kudhaniwa uko mbali na stesheni ya Manyoni, hapa kwetu. Mimi naona uko karibu sana, ila sisi hutufikia kwa upande wa pili. Wao wanauliza weusi wangapi waingizwe kitabuni. Sisi, ambao weusi si haba katika hadithi zetu, tunapaswa kuuliza jambo gumu zaidi: ndani ya hadithi ya ajabu, ujuzi amepewa nani? Nani anaijua njia, nani anaamua, nani anafika mwisho wa safari akiwa bado ana jina lake? Kuhesabu rangi ni kazi nyepesi, na hesabu hiyo inadanganya.

Kitabu cha kuanzia ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwingereza H. Rider Haggard alikitoa kwa lugha yake mwaka 1885. Frederick Johnson akakitia katika Kiswahili mwaka 1929, na tangu hapo kimepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wasomaji wa Afrika Mashariki. Kwa hesabu ya vichwa, hiki kimechanganya watu kuliko vitabu vingi vya wakati wake. Waingereza wakubwa ndani yake ni watatu tu: Allan Quatermain anayesimulia, Sir Henry Curtis na Kapteni Good. Umbopa, mfalme Twala, mzee Infadoos, kizee Gagula na msichana Foulata wote ni Waafrika. Hebu sasa tufuate jinsi ujuzi unavyogawanywa. Njia ya kwendea mashimo imechorwa kwa damu katika kipande cha nguo na Mreno aliyekufa karne tatu nyuma, na ramani hiyo iko kwa Quatermain. Wageni wanapofika Ukukuana, wenyeji wanashangaa meno ya bandia ya Kapteni Good yanayotoka na kurudi kinywani, na miguu yake myeupe, kwa kuwa amekutwa hajavaa suruali. Halafu kunatokea kupatwa, nao Waingereza, ambao almanaki iliwaambia mapema, wanajifanya wao ndio waliolitia anga giza. Umati unapagawa. Mmoja tu anapaza sauti kwamba ameshawahi kuona jambo kama hilo na kwamba kivuli kitapita. Huyo mmoja ni Gagula. Ndiye pia anayejua siri ya mlango wa jiwe wa pango la hazina. Yaani mtu mweusi mwenye elimu ya anga na ya milima ya nchi yake yumo kitabuni, tena ana sauti kubwa, ila mwandishi amemfanya mchawi, na msomaji anafundishwa kuisikia elimu ile kama mlio wa nyoka.

Haki isemwe. Haggard hakuwa mwandishi wa ovyo, na Umbopa si mtumishi wa kubeba mizigo tu. Anageuka kuwa Ignosi, mfalme halali, na mwishoni anaapa kwamba wafanyabiashara weupe na bunduki zao hawatakanyaga nchi yake. Maneno hayo, yakisomwa Tanganyika ya mwaka 1929 chini ya serikali ya Mwingereza, bila shaka yaliwagusa watu kwa namna ambayo mfasiri hakuitarajia. Lakini Foulata, aliyempenda Kapteni Good na kumuuguza mpaka akapona, anauawa pangoni, na msimulizi baadaye anafikiri kwamba pengine ni heri ilivyokuwa, maana mapenzi ya wawili hao yangeleta usumbufu. Hapo ndipo kipimo cha vichwa kinapofeli. Foulata amehesabiwa, ana jina, ana sura nzuri, ana fadhila zote. Hadithi haikumpa ruhusa ya kuishi tu. Na kwa kuwa msimulizi ni Quatermain, msomaji wa Kiswahili hana jicho lingine la kutazamia. Anatembea na Waingereza, anaogopa wanachokiogopa, anafurahi wanapotoroka. Wanaosema kwamba kitabu kilikuwa kitamu na hakikumdhuru mtu wanasema kweli kuhusu utamu. Kuhusu madhara nitarudi baadaye.

Tuuweke uongo huo mtamu ubavuni mwa ukweli uliopita hapa hapa kwetu. Mwaka 1857, miaka 28 kabla ya kitabu cha Haggard, Richard Burton na John Speke walipita Ugogo wakielekea Tabora na Ziwa Tanganyika. Msafara wao ulikuwa na watu gani? Kiongozi wake alikuwa Said bin Salim, Mwarabu wa Zanzibar. Walinzi walikuwa Wabaluchi. Watumishi wawili walitoka Goa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu walioijua barabara ile kuliko yeyote kwa kuwa biashara ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa yao. Na alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akakulia huko, kisha akarejea Afrika akiwa huru. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani, lugha ambayo haikuwa ya mama kwa yeyote kati yao, katikati ya nyika ya Ugogo. Mtunzi wa fantasia angeona haya kubuni jambo kama hilo, asije akaambiwa ametia chumvi. Bombay huyo huyo alirudi tena na Speke na Grant, akaongoza watu wa Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, akavuka bara zima na Cameron kati ya 1873 na 1875. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa pensheni. Ramani za wazungu zilichorwa na watu waliokuwa wakimuuliza yeye.

Tena kuna Wagogo wenyewe, ambao katika vitabu vya wasafiri huonekana kama kero ya barabarani. Kila mtemi alidai hongo, yaani nguo, shanga na nyaya za shaba, ndipo msafara upite. Burton alilalamika mno. Lakini tazama mpango wa nchi ulivyokuwa. Magharibi ya Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu la siku nyingi, ambalo vichaka vya Itigi vya leo ni sehemu yake. Msafara usiojaza vibuyu na magunia Ugogo ulikuwa unajipeleka kufa. Maji yalikuwa ya visima vilivyochimbwa na kutunzwa na wenyeji, na nafaka ilikuwa ya mashamba yao, katika nchi ambayo mvua ni ya kubahatisha. Watemi walijua hesabu hiyo vizuri kuliko wageni, wakaitoza bei. Huo ni uamuzi wa watu wenye siasa na uchumi wao. Ndiyo maana nasema fantasia ya Haggard haikuongeza maajabu juu ya Afrika halisi, iliyapunguza. Msafara halisi ulikuwa na Mwarabu, Mbaluchi, Mgoa, Myao, Mnyamwezi na Mwingereza, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Riwaya ikawaondolea weusi ujuzi wa njia, ikampa Mreno mfu.

Kuna pingamizi ambalo nalisikia mara kwa mara, kwamba mjadala huu wa mchanganyiko wa watu katika hadithi ni mtindo wa Wamarekani unaoletwa kwetu pamoja na mitumba. Jibu langu ni Fumo Liyongo. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kutokana na simulizi za kale zaidi za pwani ya Lamu na Pate, ni hadithi ya ajabu kwa kila kipimo: shujaa wa nguvu zisizo za kawaida, ambaye silaha haziwezi kumuua isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Na wahusika wake ni wa mataifa mbalimbali. Mfalme wa Pate ni wa mjini. Wasanye na Wadahalo ni watu wa msituni. Wagala, ambao leo wanataka waitwe Waoromo na wana haki ya kuitwa wanavyotaka, ni majirani wenye nguvu waliomwoza Liyongo binti yao. Saada, kijakazi, ndiye anayepeleka gerezani mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake. Mkate wa unga safi walinzi wangeula wao. Mkate wa wishwa wakamwachia mfungwa. Hekima hiyo ya chakula na dharau ndiyo inayomfungua shujaa minyororo, na mkono ulioubeba mkate ni wa mtumwa.

Tazameni pia mtego wa makoma. Mfalme anawatuma Wasanye na Wadahalo wamuue Liyongo. Wanashauriana kula kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma kuwaangushia wenzake matunda, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Zamu ikafika. Liyongo hakupanda, alivuta upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Katika kisa hicho kifupi tunaona watu wa msituni wakiwa na akili yao, mpango wao, adabu yao ya kula pamoja hata wanapopanga kuua. Hawakuwekwa pale kupamba mandhari. Mwisho anayemuua Liyongo ni mwanawe mwenyewe. Damu za watu tofauti, ndoa za kisiasa, usaliti wa ndani ya nyumba: yote yamo katika utenzi wa Kiswahili, miaka mingi kabla ya ubishi wa televisheni. Sikusudii kusema kwamba pwani ya zamani haikuwa na ubaguzi. Ilikuwa na utumwa, na Saada ni ushahidi. Ninachosema ni kwamba mtunzi hakuweza kuisimulia dunia yake bila watu hao, kwa sababu mambo yaliyotokea yasingeweza kutokea bila wao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wapenzi wa Shaaban Robert. Wanasema: mbona mkubwa wetu hakutaja rangi hata kidogo? Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinahusu nchi inayoelea angani. Watu wake wana majina ya sifa, kama Karama na Majivuno, na ngozi zao hatuambiwi. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina mfalme Rai wa Ughaibuni, majini, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, nako pia rangi haina kazi. Je, hiyo si njia bora, kumwandika binadamu tu, mengine yaachwe? Nakubali kwamba ilikuwa njia bora kwake. Aliyeandika chini ya utawala wa kikoloni, akitaka kusema kwamba sheria za nchi ni za dhuluma, alikuwa na sababu nzuri ya kuitundika nchi hiyo hewani ambako polisi wa gavana hawana mamlaka. Lakini soma tena kesi ya Karama. Utetezi wake wote ni habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya mataifa mengine, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa kosa la kurudi na jambo jipya. Hakuna rangi, kweli. Ila mgogoro mzima wa kitabu ni nchi inayokataa kwamba watu wengine wanajua kitu. Shaaban Robert aliacha ngozi akachukua kiini, na kwa kipimo changu cha leo, Kusadikika ni kitabu chenye mataifa mengi kuliko Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Sasa tuvuke hadi kwa wageni walioandika juu ya Afrika Mashariki kwa nia njema. Mmarekani Mike Resnick alitunga mfululizo wa hadithi uliokuja kukusanywa mwaka 1998 kwa jina la Kirinyaga. Wakikuyu wameondoka Kenya iliyojaa maghorofa, wakapewa sayari ndogo ya kutengenezwa ili waishi kama mababu. Mganga wao, Koriba, amesoma Ulaya na Marekani, ana kompyuta nyumbani kwake, na kwa kompyuta hiyo anaweza hata kuagiza mvua, huku akiwaambia wanakijiji ni kazi ya Ngai, Mungu wao. Hadithi ya kwanza ilipata Hugo, tuzo ya fantasia na bunilizi za kisayansi, mwaka 1989. Kwa hesabu ya rangi, hapa hakuna cha kudai: karibu kila mhusika ni Mwafrika, na mwenye akili kuliko wote ni Mwafrika. Mimi nakiona ni kitabu chenye nguvu na chenye kasoro moja kubwa. Kinamlazimisha Mwafrika kuchagua kati ya vyumba viwili tu, kimoja cha mila iliyoganda na kingine cha maendeleo ya Ulaya. Binti mdogo Kamari anapotaka kujifunza kusoma, Koriba anamfungia mlango, na matokeo yake ni msiba. Huzuni hiyo ni ya kweli. Lakini Wakikuyu wa historia walianzisha shule zao huru katika miaka ya 1920 na 1930, walipogombana na wamisheni, ili wasome bila kuacha mila zao. Mlango wa tatu ulikuwapo, uliojengwa kwa mikono yao wenyewe, na mwandishi ama hakuuona ama hakuutaka. Ndipo ninaposema kuwa kitabu chaweza kujaa watu weusi tupu kikabaki na upungufu ule ule wa Haggard, ingawa kwa heshima zaidi.

Linganisha na Binti, riwaya fupi ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2015 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao apande chombo cha kwenda kusoma chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Wanawake wa Kihimba hujipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na Binti anaondoka na kopo lake. Abiria wa jamii nyingine wanamcheka. Kisha chombo kinavamiwa na viumbe wa kigeni, wenzake wanauawa, naye anabaki peke yake. Inatokea kwamba udongo ule wa nyumbani unawaponya wale viumbe majeraha, na kwa njia hiyo anapata kusema nao na kusimamisha vita. Ondoa otjize na riwaya haisimami. Uhimba wake si nguo ya sherehe. Ndio unaoendesha kisa, sambamba na hisabati anayoijua sana. Tena Mwafrika huyo hakuchagua kati ya mila na sayansi, alipanda chomboni na vyote viwili. Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Wahusika wa asili mbalimbali wana maana pale ambapo tofauti yao inafanya kazi ndani ya kisa. Isipofanya kazi, ni rangi ya ukutani.

Hata rangi ya ukutani, hata hivyo, nisiidharau kupita kiasi. Mwaka 1940 hadithi maarufu ya Kiingereza ya Alice ilitolewa kwa Kiswahili kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha zake zilimwonyesha Elisi akiwa msichana Mwafrika. Kisa kilibaki cha kigeni, ila mtoto aliyekifungua alimwona mtu anayefanana naye akizama shimoni. Ni hatua ndogo, lakini ni hatua. Na Ursula Le Guin alipomwandika mchawi wake Ged mwaka 1968 akiwa na ngozi ya hudhurungi nyekundu, alikuwa akifungua mlango kimya kimya. Wachapishaji walimchora mweupe kwenye majalada, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa kazi hiyo mzungu, mpaka mwandishi akalalamika hadharani. Ingekuwa rangi haina maana kama wasemavyo wengine, watu wasingehangaika hivyo kuibadilisha.

Nilisema nitarudi kwenye madhara. Hoja ya kwamba hadithi ni hadithi tu, haiui mtu, kwa Tanzania haisimami. Kwa miaka mingi watoto wetu wamesimuliwa kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka, kwamba si mtu kamili bali ni mzimu, kwamba viungo vyake vina utajiri. Hiyo ni fantasia, na mhusika wake amenyimwa kila kitu isipokuwa rangi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu waliuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani, kwa sababu wengine waliiamini. Dawa ilikuwa sheria na polisi, lakini pia ilikuwa sura na majina: mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Barwany, mwenye ualbino pia, akachaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini. Mzimu hauombi kura. Basi tunaponyoosha kidole kwa Haggard, tujitazame. Katika hadithi zetu za ajabu Mhindi ni bahili wa dukani, Mhadzabe ni mtu wa kuchekesha, Mmasai ni mlinzi wa geti, na kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi kabla hajafungua kinywa. Walimu wa fasihi huwaita wahusika bapa. Kikongwe huyo ni Gagula wetu wenyewe, naye pia ameuawa katika vijiji halisi vya Usukuma.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa waandishi: mtu aandike watu anaowajua, asije akawakosea wengine. Woga huo una heshima ndani yake, lakini ukifuatwa mpaka mwisho, Kijumwa asingeweza kuwaandika Wasanye. Na hapa Manyoni kisingizio cha kutowajua wengine ni kigumu kukikubali. Mgogo, Mnyaturu, Mkimbu, Mnyamwezi, Mtaturu na Msukuma wanakutana kwenye mnada mmoja. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 ikipita hapa, na reli ya kisasa ilipoanza kujengwa kati ya Makutupora na Tabora, mkandarasi alitoka Uturuki. Fundi Mturuki na kijana wa Kigogo wanaopima mwinuko wa tuta la reli tayari ni mwanzo wa riwaya. Mwandishi akikosea atasahihishwa na wenye habari zao. Asiyeandika hasahihishwi na yeyote. Wakubwa wa lugha hii wameshaonyesha njia. Euphrase Kezilahabi alivunja kuta za uhalisia katika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, na K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, akamzungusha mhusika wake Ulaya, Asia, Afrika na Marekani akimsaka jamaa aitwaye P.P. anayeichezea dunia. Ni riwaya ngumu, nakiri, na wasomaji wengi huziacha njiani. Tunahitaji sasa zile zinazosomeka kwa kasi ya Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwenye kalamu anayenisikiliza jioni hii. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, inapokea riwaya za Kiswahili, na hakuna aliyesema lazima ziwe za mapenzi ya mjini au mirathi. Andika riwaya ya msafara wa Mgunda Mkali wa miaka mia mbili ijayo. Weka ndani yake Mgogo anayemiliki maji, Mturuki anayejua chuma, Mhadzabe anayeisoma nyika, na bibi mzee anayejua lini jua litapatwa, na safari hii watu wamsikilize. Kisha mpe mtu wa Manyoni aisome kabla hujaituma Dar es Salaam.